Fungu la Nyumbani Kabla ya Fuso: Namna ya Kulinda Macho ya Mtoto Huku Uporoto

Jioni moja mwaka 1999, kiazi kilimponyoka mwanangu wa tatu kikaanguka sakafuni jikoni. Kilikuwa kiazi kikubwa cha kuchemsha, kimelala karibu kabisa na goti lake. Akaanza kukipapasa. Mkono ukapita kushoto, ukapita kulia, ukagusa kuni, ukagusa mguu wa kigoda, na kiazi kipo palepale. Kaka yake akacheka. Mimi nikafoka: "Acha mchezo, okota ule." Alikuwa na miaka mitatu, na hakuwa anacheza.

Nyuma ya ukuta alioegemea, stoo, kulikuwa na magunia kumi na moja ya karoti yanasubiri Fuso.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwaka wa kumi na nne sasa, huku juu kwenye milima ya Uporoto mkoani Mbeya, upande wa Isyonje, barabara ya kwenda Kikondo. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "mama, mtoto nimpe nini?" Na wanaoniuliza wana karoti, wana maboga, wana kuku wanaokatiza miguuni pao wakati wanauliza. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, Njombe na Rukwa wakiwa karibu na nusu, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 30 hivi. Hii ndiyo mikoa inayoijaza Dar es Salaam vyakula. Kwa hiyo mtu akija kutuambia tulime zaidi namsikiliza kwa heshima, halafu nafanya yangu. Chakula kipo, ila kinapanda gari chote.

Nitaeleza ninavyofanya mimi na ninavyowaelekeza akina mama ninaowatembelea. Wewe wa Kyela au wa Usangu una vyako, chukua kinachokufaa.

Mwangalie jua likizama

Jicho linahitaji vitamini A ili lishike mwanga hafifu. Vitamini hiyo ikipungua mwilini, mchana mtoto anakimbia na wenzake kama kawaida, shida inaanza magharibi. Ndiyo maana kliniki ya saa nne asubuhi inaweza kumpita. Wewe unayekaa naye jikoni saa kumi na mbili jioni ndiye utakayemgundua.

Ninachofanya ni hiki. Nasubiri jua lizame, kabla taa ya sola haijawashwa. Naweka kitu kidogo anachokipenda, kipande cha kiazi au kibiriti kitupu, sakafuni hatua mbili mbele yake, namwambia aniletee. Hakikisha yupo na mwenzake wa rika lake, maana giza likizidi hata wewe mtu mzima huoni kitu, utamsingizia mtoto ugonjwa. Hicho si kipimo cha hospitali, ni cha kukupa wasiwasi tu. Angalia na mengine: anaganda mahali pamoja jua likishazama, anagoma kwenda nje, anashika nguo ya dada yake, anajikwaa kwenye vigoda ambavyo mchana anavikwepa vizuri. Wengine huita woga, wengine ukaidi. Mimi niliita mchezo.

Asubuhi mpeleke mlangoni penye mwanga umtazame weupe wa jicho. Jicho zima linang'aa, lina umajimaji. Lenye ukavu limefifia kama ganda la yai, na pengine utaona pembeni, upande wa sikio, doa la kijivu lenye povu, kama povu la sabuni lililokaukia kwenye beseni. Ukiliona hilo, zahanati siku hiyohiyo, shamba litasubiri. Na kama kioo cha jicho chenyewe kimeingia ukungu, au kina kidonda, au mtoto hawezi kufumbua jicho kwenye mwanga, basi usingoje hata kupambazuka. Kodi bodaboda usiku. Jicho la namna hiyo linaweza kulainika na kupasuka kwa muda mfupi sana, na likishapasuka hakuna wa kulirudisha.

Kuna jambo jingine nalisema kila ninapokwenda ingawa halihusiani na chakula. Ukiona mboni ya mtoto ina weupe ndani, mara nyingi huonekana kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa flashi, mpeleke hospitali kubwa wiki hiyohiyo. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya jicho. Karoti hazina kazi hapo.

Halafu, usitie kitu chochote kwenye jicho. Wala maji ya majani, wala mkojo, wala matone yaliyobaki kwa jirani. Mwanangu alikuwa ametoka kuugua surua miezi miwili kabla ya siku ile ya kiazi. Akiwa bado kitandani macho mekundu, mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alishatwanga majani ya kumkamulia. Tuligombana sana, na nakiri sikuwa na elimu yoyote, nilichoogopa ni mtoto kulia. Miaka mingi baadaye, kwenye mafunzo, tukaelezwa kwamba watafiti waliowachunguza watoto wenye vidonda vya kioo cha jicho hapa Tanzania miaka ya 1980 walikuta chanzo kikubwa ni surua, upungufu wa vitamini A na dawa za kienyeji za macho. Nikakikumbuka kile kinu. Surua humaliza akiba ya vitamini A mwilini kwa haraka, kwa hiyo mtoto mwenye surua hupewa vitamini A kituoni, siku mbili mfululizo. Uliza kama hujapewa.

Mwanangu alipofika zahanati, muuguzi alikata ncha ya kidonge laini akamkamulia mdomoni. Kesho yake akarudia, na baada ya wiki mbili akamalizia la tatu. Siku ya tatu tangu lile la kwanza, jioni, nikaangusha kiazi kwa makusudi. Akakiokota, akakipuliza vumbi, akala. Siku hizi ni dereva, anashuka mlima Kitonga usiku na mzigo, na akipiga simu kuniambia ameshavuka nalala.

Fungu linatoka kabla dalali hajafika

Wakulima wenzangu mnaijua lumbesa. Gunia limejaa, linaongezewa kilemba juu, linashonwa kwa kamba, na kile kilemba hakilipiwi. Tunalalamika kila mwaka na kila mwaka tunajaza. Sasa fanya hesabu na mimi. Karoti moja ya wastani, iliyopikwa na mafuta kidogo, inamtosha mtoto wa miaka miwili vitamini A ya siku. Watoto wawili, siku thelathini, ni karoti sitini. Karoti sitini hazizidi kilo tano au sita. Hicho ni kipande tu cha kilemba cha gunia moja. Tunampa dalali bure kile tunachowanyima watoto kwa kisingizio cha umaskini.

Basi kanuni yangu ni kwamba fungu la nyumbani linatolewa siku ya kung'oa, shambani, kabla bei haijatajwa. Bei ikishatajwa kila karoti inageuka noti, na hakuna mama atakayeweka noti kwenye sufuria. Si lazima ziwe zile nzuri. Chukua zilizokatika, zenye pacha, zilizopinda, zile ambazo dalali atazitupa pembeni akizikunjia uso. Vitamini yake ni ileile. Namna ya kuzihifadhi nitaeleza mwishoni, maana watu wengi hushindwa hapo.

Na baba wa nyumba awepo wakati wa kutenga. Nimeona nyumba ambazo mama alitenga debe zima, mzee akarudi kutoka kilabuni akaliuza. Siku hizi nikienda kwenye nyumba nazungumza na mwanaume kwanza, na naanza na hela: nauli ya kwenda Mbeya mjini na mtoto mgonjwa, kulala, kula, siku za shamba zilizopotea. Hapo ananielewa haraka kuliko nikianza na vitamini.

Mbali na karoti, fuata rangi. Boga lenye nyama ya njano iliyokolea, majani ya maboga, mchicha, matembele, figiri, kisamvu kwa wanaokipata. Kijani kilichokolea ni kizuri kuliko kijani cha kufifia. Kabichi, ambayo ndiyo mboga ya kila siku huku kwetu kwa sababu ipo tele na haina kazi kuipika, ina vitamini A kidogo sana. Ile ya ndani ni nyeupe, jionee mwenyewe. Siikatazi, ila ukiipika katia karoti ndani. Viazi mviringo havina hiyo vitamini, na viazi vitamu vyeupe karibu havina.

Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, ni habari nyingine. Kimoja cha gramu 125, yaani kile kinachojaa kiganja, kinamtosha mtoto mdogo kwa siku. Mwaka 2016 watafiti watatu waliohangaika na viazi hivyo barani Afrika, Maria Andrade, Robert Mwanga na Jan Low, pamoja na Howarth Bouis aliyeshughulikia mazao mengine yaliyoongezewa virutubishi shambani, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Huku juu baridi inavichelewesha, sitawadanganya. Mdogo wangu anayekaa Igurusi ndiye anayelima Kabode na Mataya, aina mbili za viazi lishe, na marando yake ya mbegu anayapanda pale maji ya bafuni yanapotiririkia ili yasife kiangazi. Mvua zikianza anayo mbegu, majirani hawana, wanakuja kuomba kwake.

Yai lina vitamini A ambayo mwili unaipokea kwa urahisi zaidi kuliko ya mboga. Najua mayai ndiyo chumvi na sabuni ya nyumba. Ninachoomba ni mayai mawili kwa wiki kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, mengine uza. Maini yana vitamini A nyingi mno, kipande kidogo cha mara mojamoja kinatosha, na mama mjamzito asiyafanye kitoweo cha kila siku wala asimeze vidonge vya vitamini A vya mtoto. Kwake kuzidi kuna madhara kwa aliye tumboni.

Mafuta ndiyo yanayoipitisha

Hapa ndipo wengi wanapokosea hata kama karoti wanazo. Vitamini A haiyeyuki kwenye maji, inapitia kwenye mafuta. Mtoto akila mchicha wa kuchemshwa mtupu, sehemu kubwa ya faida inampita. Kijiko cha chai cha mafuta kwenye sahani yake kinabadilisha kila kitu.

Sisi wa Mbeya tuna bahati ambayo hatuitambui: mawese ya Kyela. Ule wekundu wake ndio vitamini yenyewe. Nenda soko la Mwanjelwa utayakuta kwenye chupa na madumu. Kijiko cha chai kwenye uji wa mtoto au juu ya mboga inayokaribia kuiva, basi. Lakini kuna mtindo wa kuyaunguza kwenye sufuria mpaka yawe meupe ili harufu itoke. Yakishakuwa meupe umebakiwa na mafuta ya kawaida, ile dawa umeipeleka na moshi. Mimi pia harufu yake siipendi sana, nakatia kitunguu.

Mafuta ya dukani yaliyopitia kiwandani, kwa sheria yanatakiwa yawe yameongezwa vitamini A. Soma kwenye chupa. Ila yale yanayopimwa kwa kikombe kutoka kwenye dumu jeupe lililokaa juani kutwa nzima, mwanga umeshakula sehemu yake.

Na parachichi. Rungwe na Njombe watu wamefyeka migomba na chai wakapanda parachichi za kusafirishwa nje, na kila siku ya mavuno kuna lundo la zilizokataliwa kwa sababu ya doa kwenye ganda. Zichukue. Mtoto wa miezi saba: chemsha karoti moja kwa maji machache sufuria ikiwa imefunikwa, iponde kwa mgongo wa kijiko, changanya na robo ya parachichi. Haihitaji sukari wala chumvi. Parachichi ndiyo mafuta yake.

Mboga za majani zioshe kwanza, ndipo uzikate. Usizikate ukaziloweka. Zipike dakika chache, funika, na maji yake usimwage. Ukitaka kuzikausha kwa ajili ya kiangazi, anika kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali la juu ya bati linaziacha zikiwa majani matupu.

Kimea, au uji unaoyeyuka mbele ya macho yako

Nilipoonyeshwa hili mara ya kwanza nilidhani nafanyiwa kiinimacho.

Shida ya uji ni kwamba ukiwa mwepesi ni maji, tumbo la mtoto linajaa kabla hajapata kitu. Ukiwa mzito, hawezi kuumeza. Tumbo la mtoto wa miezi minane halizidi ngumi yake sana, kwa hiyo kila kijiko lazima kiwe na kazi. Dawa yake ni kimea cha ulezi. Ndiyo, kilekile cha kutengenezea kimpumu, na kila nikifundisha hili lazima mzee mmoja aulize kwa nini serikali inawafundisha watoto pombe. Hakuna pombe. Pombe inahitaji kuchachushwa siku kadhaa, sisi tunatumia nguvu ya nafaka iliyochipua kuvunja wanga, basi.

Chagua kilo moja ya ulezi safi, osha, loweka usiku kucha. Asubuhi chuja maji, utandaze kwenye kikapu kilichotandikwa majani ya mgomba au kitambaa safi, funika, nyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu, na huku kwenye baridi hata ya nne, utaona vichipukizi vyeupe. Ukiona ukungu au ukisikia harufu ya uvundo, mwaga wote, usiwape hata kuku. Ukiwa mzuri anika ukauke kabisa, sugua vichipukizi vitoke, saga. Unga huo weka kwenye kopo lenye mfuniko. Tumia ulezi, usitumie mtama kwa njia hii, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu.

Sasa pika uji wa dona uwe mzito hasa, mwiko ukiusimamisha usianguke. Epua. Subiri upoe kiasi cha kuweza kugusa kwa ncha ya kidole bila kuruka. Tia kijiko kimoja cha chakula cha kimea, koroga. Mwanzo hakuna kinachotokea na akina mama wanaanza kuangaliana. Halafu mwiko unaanza kulegea mkononi. Unalala. Uji unaanza kung'aa, unateleza pembeni mwa sufuria, na baada ya dakika kama kumi unamiminika kama uliopikwa kwa maji mengi, na hujaongeza tone. Una utamu kidogo pia. Urudishe motoni uchemke dakika chache ili kuua vijidudu vilivyokuja na kimea, ndipo utie mawese au karanga zilizosagwa. Mama mmoja wa jirani yangu alipoona akasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kwa sufuria, siyo kwa mimi.

Nikiwa hapohapo kwenye uji, niseme la unga wa lishe. Ule wa kuchanganya mahindi, mchele, ulezi, ngano, soya, karanga na dagaa kwenye mfuko mmoja siupendi. Kila kimoja kina muda wake wa kuiva, soya isiyokaangwa vizuri inasumbua tumbo, na karanga moja yenye ukungu inaharibu mfuko mzima bila wewe kuijua. Sumukuvu haionekani ikishasagwa, wala haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Saga nafaka peke yake, karanga chambua kwa mkono na uziweke wakati wa kupika. Mimi mwenyewe niliwahi kununua unga wa namna hiyo mjini kwa bei kubwa, mjukuu akaharisha siku tatu. Tangu hapo mashine ya kijijini inanitosha.

Juni na Desemba

Chakula ni msingi, lakini usiache matone. Kila mwaka mwezi wa Juni na wa Desemba, watoto wa miezi 6 hadi 59 wanapewa vitamini A. Wa chini ya mwaka mmoja anapata kidonge cha bluu cha yuniti 100,000, wa mwaka mmoja na kuendelea anapata chekundu cha yuniti 200,000, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Nenda na kadi ya kliniki, iandikwe. Usimpeleke kituo hiki leo na kile kesho ukidhani unamwongezea, kinaweza kumtapisha na kumuumiza kichwa.

Kuna baba aliniuliza kwa nini mtoto wake anayeona vizuri apewe dawa ya macho. Nikamweleza habari ya daktari mmoja wa Marekani, Alfred Sommer. Alikuwa Indonesia akichunguza macho ya watoto, akagundua kitu ambacho hakukitafuta: wale wenye dalili ndogo tu, za kutoona jioni, walikuwa wanakufa zaidi ya wenzao. Kwa kuhara, kwa kifua, kwa surua. Wakafanya jaribio huko Aceh, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1986 yakaonyesha vifo vya watoto waliopata vitamini hiyo vimepungua kwa karibu theluthi moja. Jicho ni dirisha tu, kinachoungua ni nyumba. Yule baba alikuja Desemba na watoto wanne, wawili si wake.

Chanjo ya surua na rubela ni miezi 9 na miezi 18. Ile ya pili ndiyo inayosahaulika, mtoto ameshaanza kutembea na mama ameshabeba mimba nyingine. Na mtoto mchanga apewe maziwa ya mwanzo, yale ya njano. Ule unjano ni vitamini A. Kuna bibi bado wanayakamulia chini wakisema ni machafu.

Kuna watu wanaona haya yote ni ya wazungu. Nawaambia Iringa, wakati huo Njombe ikiwa ndani yake, ndiyo iliyowafundisha wengine. Kuanzia mwaka 1983, kwa mpango uliosaidiwa na WHO na UNICEF, vijiji 168 vilianza kupima watoto uzito vyenyewe, kukaa kikao, kuuliza kwa nini huyu amepungua, na kuamua wao la kufanya. Utapiamlo mkali ulipungua, na dunia ikaja kujifunza. Mizani ilitundikwa kwenye mti. Leo vijiji vingine vina mizani mpya stoo ya ofisi ya kijiji, bado imo kwenye boksi.

Mengine kwa ufupi

Uso wa mtoto uoshwe kila siku, nzi wasipate cha kufuata. Vikope huambukizwa hivyo. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono unakitengeneza kwa dumu la lita tano, msumari wa moto na kamba, weka nje ya choo. Chumvi nunua yenye madini joto, itunze kwenye chombo chenye mfuniko mbali na moshi. Wenye rovu shingoni kati ya bibi zetu wa milimani wanajua kwa nini.

Kuhifadhi karoti kwenye mchanga

Nilikuahidi. Siku ya kung'oa, kata majani yote usawa wa kichwa cha karoti, ukiyaacha yanainyonya. Usizioshe, pangusa udongo kwa mkono. Yenye kidonda au iliyoliwa na mdudu kula wiki hiyo, usiiweke na wenzake. Tafuta boksi la mbao au ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Mchanga wa mtoni, uchekeche, uwe na unyevu wa kushikamana kidogo ukiufinya lakini usitoe maji. Tandaza vidole vitatu, panga karoti zisigusane, funika kwa mchanga, panga tena. Juu kabisa mchanga uwe mnene kidogo, kisha gunia.

Liweke kona ya stoo isiyo na jua, mbali na ndizi zinazoiva, maana ndizi huzitia karoti uchungu. Kwa baridi yetu zinakaa wiki nyingi bila kusinyaa. Kila Jumamosi ingiza mkono uguse. Mchanga ukiwa mkavu nyunyizia maji kiganja kimoja au viwili, usimwage. Ukimwaga zitaanza kuota mizizi, na panya watajua kabla yako.